Waya Wangu Haunyonyi Luku ya Mtu

Kila nikiingia Kariakoo kutafuta waya, muuza duka hunitazama viatu kwanza, kisha mvi, kisha huuliza: "Mzee, roli nzima hii ya nini?" Nikimwambia ni antena ya redio, anacheka kwa adabu, anatoa simu mfukoni. "Redio zote zimo humu, mzee wangu. Dunia nzima." Ananieleza pole pole, kana kwamba nimeshuka leo asubuhi kwenye jahazi kutoka Kisiju.

Simu ninayo. Ina redio, ina video za watu wanaosonga ugali kwa mbwembwe, ina kila kitu mpaka bando likate, na bando langu lina tabia ya kukata taarifa ya habari inapoanza. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipopata hitilafu na mtandao ukazorota Afrika Mashariki, vijana wa mtaani kwetu walitoka vibarazani wakakaa. Wengine sura zao nilikuwa sijapata kuziona. Jioni ile mimi nilikuwa chumbani namsikiliza Mtaliano akiitana na Mjapani redioni, kwenye masafa ya mita 40, wala hakuna aliyenikata salio.

Kwa wasioifahamu starehe hii: duniani kuna watu wenye leseni za redio za ridhaa. Ni walimu, wakulima, madaktari, mapadri, wastaafu wenye usingizi mchache. Wanazungumza wao kwa wao hewani, nchi kwa nchi, bila kampuni yoyote katikati. Kila mmoja ana jina la hewani linaloanza na alama ya nchi yake: Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U. Kurusha sauti kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi ni wa kusikiliza tu, na msikilizaji anahitaji redio nzuri, subira na waya. Redio ninayo, subira nilifundishwa na ndoa. Waya ndio umenigombanisha na mtaa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua 300, gawa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 7 ni kama mita 43. Ukishuka mpaka megahezi 1.8, wanakokesha wakongwe wa fani, wimbi linafika mita 160 na ushei, na antena ya aina ninayoitamani inataka waya wa angalau urefu huo, ulionyooka. Kiwanja changu cha Tabata ni mita 20 kwa 20, na humo humo imo nyumba, banda la kuku, tangi la maji na gari la shemeji ambalo amesema atalifuata Ijumaa. Hakutaja ya mwezi gani.

Aliyeniharibu akili ni injinia mmoja wa Kimarekani, Harold Beverage. Mwaka 1921 alisajili hataza ya antena ambayo, kwa macho, si kitu: waya mmoja, mamia ya mita, umepita juu ya nguzo fupi za mita 2 au 3. Ncha ya mbali unaifunga kwenye rezista ya omu 450 hivi mpaka 600, rezista inakwenda kwenye nondo ya erthi. Ncha ya karibu unaweka transfoma ndogo iliyozungushwa kwenye ringi ya feraiti, halafu kebo mpaka redioni. Basi. Waya unasikia upande ulikoelekea, na yanayotoka mgongoni unayapuuza. Desemba ya mwaka huohuo chama cha wanaridhaa wa Marekani kilimtuma Paul Godley mpaka Ardrossan, pwani ya Scotland, akatandaza waya wa namna hiyo shambani, akajikunyata ndani ya hema na redio yake, na akawasikia wanaridhaa wa Marekani zaidi ya 20 ng'ambo ya Atlantiki, wakati wataalamu wengi walikuwa hawaamini kwamba mitambo yao midogo ingefika huko.

Watu wakisoma kisa hiki wanasifu masikio ya Godley. Mimi nasifu shamba. Katika masimulizi yote niliyosoma hakuna mahali alipotokea mjumbe wa nyumba kumi.

Nikaamua waya wangu uelekee Ulaya. Kutoka Dar es Salaam, Ulaya iko kaskazini-magharibi, na ukichora mstari huo kutoka dirishani kwangu unavuka viwanja vya watu wanne. Nikaenda kuomba ruhusa mlango kwa mlango, na soda mkononi. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, kwa sharti kwamba nimletee matokeo ya mpira, na sikumweleza kwamba hao ninaowasikiliza hawazungumzii mpira. Wa pili ni mama mwenye genge, aliye na mwembe mzuri uliokaa pale pale ninapouhitaji. Huyu alitaka kujua kama waya unauma. Nikamwambia huu hauna umeme, unapokea tu. Akasema hata mkwewe alikuja kupokea tu.

Wa tatu ni nyumba ya wapangaji, milango sita, luku moja. Mnajua maisha ya luku moja. Kila uniti ina mgomvi wake: nani ana friji, nani anapiga pasi saa nne usiku, nani amejifanya amesahau kuchanga. Sasa katikati ya vita hiyo anatokea mzee mwenye waya mrefu unaopita juu ya bati lao. Uniti zilipokwisha kabla ya wakati wiki ile, waliokuwa hawasalimiani walipatana kwa mara ya kwanza tangu wahamie, na walipatana juu yangu. Waya unanyonya. Nikawaeleza kwamba nguvu inayoingia kwenye antena kama hii haiwezi kuwasha hata kitaa kidogo cha rimoti. Kijana mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu aliyemshika mwizi: "Kumbe kuna nguvu inaingia?"

Na wa nne ni kiwanja kitupu chenye ukuta nusu na maandishi mekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Nikadhani hapo nimepata raha. Sikujua kwamba kiwanja kitupu Dar es Salaam kina walinzi wengi kuliko benki. Nilipoingia na kamba ya kupimia na vijiti vyangu kuweka nguzo, kuna msamaria alimpigia mwenye kiwanja Mwanza kumwarifu kwamba dalali mzee anakipima. Mwenye kiwanja akanipigia mimi. Sijui namba yangu aliipata wapi. Nilimweleza habari za mawimbi, za rezista, za Scotland. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza mteja ametoa shilingi ngapi.

Ndipo likafika kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mama mtu mzima, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba mwanangu. Nimeletewa maneno. Wanasema usiku unaongea na nchi za nje."

"Siongei mama. Nasikiliza."

"Unamsikiliza nani?"

"Yeyote atakayesikika."

Akaandika. Nilimwona kabisa anaandika neno "yeyote" na kulipigia mstari.

"Na hao wanasema nini?"

Swali hili ndilo gumu kuliko fizikia yote, kwa sababu ukweli hauna heshima. Watu hawa wanakesha, wamejenga minara, wametumia pensheni zao, na wakishapatana, mmoja Brazili mwingine Urusi, wanatajiana majina, wanapeana namba 599, wanashukuru, wanaagana. 599 ni kipimo: 5 unaeleweka, 9 una nguvu, 9 mlio wako wa msimbo wa Morse ni safi. Kwenye mashindano kila mtu humpa kila mtu 599. Mtu atakupa 599 halafu akuombe urudie jina mara nne kwa sababu hakusikia herufi hata moja. Nikamweleza mjumbe hivyo hivyo.

"Namba tu?"

"Namba tu, mama."

Akafunga daftari, akasema nisitundike kitu juu ya njia ya watoto wa madrasa, akaenda zake. Kesho yake mjukuu wake alibisha hodi kwa adabu zote, akauliza kama wazungu wametoa namba nyingine, maana 599 ameshaicheza kwenye bahati nasibu na haikutoka.

Waya ulipokaa juu hatimaye, nikagundua kwamba mtaani kwetu waya ulionyooka una jina moja tu, nalo ni kamba ya kuanikia. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mashuka, sare za shule, na doti ya kanga iliyoandikwa SIKIO LAKO SI MLANGO WANGU. Sijui kama lilikuwa jibu au ndiyo iliyokuwa imeloa siku hiyo. Waya uliopaswa kukaa mita 3 juu ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni. Nikaenda kwa mama wa genge kulalamika. Akanisikiliza, akasema: "Baba, wewe unasikiliza usiku, sisi tunaanika mchana. Tunagombania nini?" Nimelitafutia jibu la kitaalamu na sijalipata.

Kunguru nao. Hawa wa Dar es Salaam si wenyeji, asili yao ni Bara Hindi; waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, na tangu hapo wanajisafishia wanachotaka. Kunguru huyu hujengea kiota kwa waya, tena hapendi waya mchafu, anapenda mpya. Kila kipande nilichokata nikakiacha ukutani dakika mbili kilipandishwa juu ya mnazi. Kile kiota kwa sasa kina shaba nzuri kuliko nyumba yangu, na ningekuwa na ngazi ndefu ningekiunganisha redioni kama kilivyo.

Nikisema shaba nawakumbuka vijana wa skrepa. Waya wa shaba ukilala nje usiku mmoja, asubuhi unaunusa kwa mbali ukichomwa plastiki yake. Ndiyo maana nikahamia waya wa chuma, ule wa kufungia nondo. Kwa kusikiliza tu chuma kinatosha, hasara yake ni ndogo, ingawa kwa chumvi ya hewa yetu kinaliwa na kutu haraka. Vijana walikuja, wakakikata kipande, wakakiuma, wakakiacha. Nakiri nilijisikia kudharauliwa.

Tuje kwenye kelele, kwa sababu hapa ndipo damu inaponichemka. Watu wanadhani antena kubwa ni ya kuongeza sauti. Kuongeza sauti redio inaweza yenyewe. Antena ya Beverage huleta sauti hafifu kuliko waya wa kawaida uliotundikwa juu ya mnazi. Sifa yake ni kwamba kelele inazipunguza zaidi, hivyo yule mtu wa mbali anabaki anasikika. Na kelele ziko za aina mbili. Moja ni ya Mwenyezi Mungu: radi. Ziwa Viktoria na msitu wa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na kwa bahati yangu zipo karibu njia ile ile ya kwenda Ulaya. Usiku wa mvua nasikia Kongo yote ikikaangwa. Hiyo sina ugomvi nayo. Ikisogea Pugu nachomoa kebo, naitoa nje ya dirisha, nalala, maana waya mrefu hujaa umeme hata radi isipoupiga.

Aina ya pili ni chaja. Chaja ya simu ya bei ya chee huukatakata umeme makumi elfu ya mara kwa sekunde, na kwa kuwa mtengenezaji amebana matumizi ameondoa vile vidude vidogo vya kuchuja, uchafu wote unarudi kwenye nyaya za nyumba, na nyaya za nyumba zinageuka mtambo wa kurushia. Balbu za LED za bei hiyo hiyo zinafanya vivyo hivyo. King'amuzi cha mke wangu kinanguruma kutoka megahezi 3 mpaka 8, na nilipolitaja jambo hilo mezani niliambiwa nichague kati ya tamthilia na kula.

Njia ya kumkamata mkosaji inajulikana na haina teknolojia: chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, tembea nayo. Kelele ikizidi, umekaribia. Ila kazi hii hufanywa usiku, watu wakiwa wamewasha kila kitu. Kwa hiyo piga picha mzee mwenye mvi, saa tano usiku, anakwenda ukuta kwa ukuta, sikio limeelekea madirisha ya watu, mkononi kidude kinachokoroma. Nimesimamishwa na sungusungu. Nimesomewa Ayatul Kursiyy kupitia wavu wa mbu. Niliyemkuta na chaja mbaya nilimnunulia nzuri kwa fedha yangu, na habari ikaenea, na sasa watu wananiita kwao wakidai wanasikia mkoromo.

Nitasema jambo ambalo litanitenga kabisa na jamii: mimi hufurahi umeme ukikatika. Mtaa mzima ukisema "Aaaah!" kwa sauti moja, mimi nasema alhamdulillahi. Chaja zote zimekufa. Balbu zote zimekufa. Ninawasha redio ya betri, na pale palipokuwa na ngurumo tupu panatokea watu: Mrusi anaita taratibu kwa Morse, Mfini anamjibu, Mhispania anawapigia kelele wote wawili. Nilizoea kupata saa nzima ya neema namna hiyo. Siku hizi sipati hata dakika. Umeme ukikata tu, kila nyumba inawasha inveta ya sola, na inveta za mtaani kwetu zina makelele kuliko chaja zao zikijumlishwa. Maendeleo yamenifuata mpaka gizani.

Kinachoniuma ni kwamba waya wa redio si jambo geni kwetu. Zamani Pangani, kila nyumba yenye redio ya National ilikuwa na waya uliotoka dirishani ukapanda mnazi. Ndivyo wazee walivyoipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, na ile ya Ujerumani iliyofuata 1963. Babu yangu alikuwa na waya mrefu kuliko wangu, umefungwa kwa kamba ya katani, na badala ya kushtakiwa kwa mjumbe aliletewa vikao: watu walijaa ukumbini saa ya habari, wakiletewa kahawa, na mtu akigusa waya alikemewa na kijiji kizima. Hakuna aliyesema unanyonya. Kweli, luku hazikuwepo.

Wajuzi wananishauri nifanye ndogo. Kuna antena ya kitanzi aliyoibuni Mmarekani Gary Breed miaka ya 1990, maarufu kwa jina la hewani la mwenyewe, K9AY. Waya wake ni kama mita 26 tu, nguzo moja ya mita 7 na nusu katikati, nayo inachagua upande. Inatosha uani. Nimeipima, kweli inatosha, isipokuwa hiyo katikati ndipo ulipo mchicha wa mke wangu, na mchicha ule una ulinzi kuliko kile kiwanja cha mtu wa Mwanza. Wengine wanasema laza waya chini kabisa, juu ya udongo, unasikia vizuri tu kwa ukimya. Nililaza. Kuku waliupokea vizuri. Mfyeka majani hakuupokea.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wasomaji wa Tanga, Muheza na Korogwe. Huko kwenu kuna mashamba ya mkonge yenye mistari mirefu iliyonyooka, hakuna inveta, hakuna mtu wa kuanika. Nahitaji mstari mmoja tu wa mita 170, unaoelekea kaskazini-magharibi, mbali na nguzo za umeme, kwa miezi ya kiangazi. Waya nitakuja nao, nguzo nitachonga mwenyewe, kamba nitanunua hapo hapo shambani. Mwenye shamba la namna hiyo amwachie mhariri namba yake. Wenye viwanja vya kuuza msinipigie.